Dakta Odília Vidigal Fonseca, Aliyewafundisha Madaktari Kukaa Kimya

Baba Paroko, ndugu, majirani, madaktari mliotoka mbali, na ninyi mnaomjua marehemu kwa sababu tu aliwahi kuwachoma sindano, mimi ni Leonídio, mtoto wa kaka yake, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na nitasoma polepole, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akinisema kwamba ninasoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Dakta Odília alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa hapa Pedra Miúda, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Sebastião Vidigal, mtengeneza jibini, na marehemu Bi Conceição, aliyeziuza jibini hizo sokoni na kumshinda mumewe kwa maneno. Alianza shule ya msingi hapa mjini mwaka 1963, akaenda sekondari Montes Claros mwaka 1971, ambako aliishi kwa shangazi yake, akamaliza mwaka 1974, na baada ya kufeli mtihani wa kuingia chuo mara ya kwanza, jambo ambalo hakulificha hata siku moja, alianza masomo ya udaktari Belo Horizonte mwezi Machi 1976 na kuhitimu Desemba 1981.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa katika kanisa hili na Bwana Abílio Fonseca, dereva wa lori la maziwa, aliyefika kliniki kwake kutibiwa kikohozi na akaendelea kukohoa miezi minne baada ya kupona. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marília, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1986, ambaye leo ni daktari wa mifugo, na Otoniel, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1989, fundi umeme, pamoja na wajukuu watatu, ambao bibi yao aliwapenda kupita kiasi na hakutaka ushauri wa mtu juu ya hilo.

Kuhusu kazi, alirudi hapa mwezi Februari 1983 akiwa daktari pekee wa kliniki ya mtaa wa juu, akawa daktari wa familia kabla mji huu haujalizoea jina hilo, na kuanzia mwaka 2004 akapokea madaktari vijana waliokuja kujifunza tiba ya familia kwa miaka miwili. Mwaka 2009 ndipo lilipotokea kosa ambalo yeye aliliita kubwa kuliko yote katika kazi yake, nasi tunalisema mbele yenu kwa sababu aliagiza lisemwe. Aliletewa mwanafunzi wa udaktari, akamkabidhi kwa Dakta Evandro Quaresma, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu tangu kuhitimu, hodari wa kutibu, akidhani, kama wakubwa wengi wa kazi hii wanavyodhani, kwamba ajuaye kutibu anajua na kufundisha. Dakta Evandro mwenyewe alimhoji mgonjwa, akampokonya mwanafunzi kifaa cha kusikilizia moyo, akamwuliza maswali na kuyajibu mwenyewe kabla yule hajafumbua mdomo, mpaka Bi Zulmira, aliyekuwa amelala kitandani akipimwa, uvumilivu ukamwishia, akasema, “Mwanangu, na huyu wa pembeni umemleta wa nini, aje anitazame nikivua nguo?” Foleni nzima ilisikia, foleni nzima ilicheka, mwanafunzi akaomba ahamishwe, na Dakta Odília hakumgombeza Evandro hata kidogo, alisema lawama ni zake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kijana yule kufundisha.

Kuanzia Ijumaa iliyofuata, tarehe 16 Oktoba 2009, kila Ijumaa mchana aliwakusanya madaktari vijana katika jiko la kliniki, na hapo, badala ya kuwafunulia vitabu, aliwapa unga wa muhogo, mayai na jibini. Ajuaye kuoka vimikate vya jibini alipaswa kumfundisha mwenzake asiyejua, kwa maneno tu, mikono ikiwa nyuma, na akisogea kuushika unga sauti ya marehemu ilimfikia, “Mikono nyuma, Dakta! Mwenye pupa hadiriki kula tamu.” Dakta Evandro, mtoto wa mjini hapa, anayevijua vimikate hivyo tangu kuota meno, alimfundisha mwenzake kutoka kusini, akampigia kelele, akamchanganya, na sinia lililotoka likapelekwa kwenye foleni, kama ilivyokuwa desturi, ili wagonjwa watoe hukumu. Bi Zulmira alikigonga kimoja kwenye benchi akauliza, “Hivi ni vya kula au vya kujengea?” Ijumaa ya sita vilitoka laini, na ndipo Dakta Odília alipoanza kuwaambia vijana wale kwamba na kwa mgonjwa ni hivyo hivyo, mwache mwanafunzi aseme anachofikiri kabla hujasema lako, mwonyeshe kosa moja analoweza kulirekebisha leo, usimwaibishe mbele ya watu, na ukiona mgonjwa yuko hatarini weka adabu pembeni uingie mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mitano vijana thelathini na wanane walipita katika jiko lile, lakini marehemu alibaki na hofu moja, aliyoitaja waziwazi nyumbani, kwamba wote, hata Evandro aliyekuwa sasa msimamizi wao, walifundisha wakimtupia yeye jicho, wakingoja aitikie kwa kichwa, na kwamba siku akiondoka watarudi kupokonyana vifaa. Bwana Abílio alimsihi apumzike, akajibiwa, “Sistaafu mpaka nimwone mmoja akifundisha kama vile mimi sipo.”

Kuhusu ugonjwa, alianza kuchoka na kupungua uzito mwezi Julai 2024, na Jumatatu tarehe 19 Agosti alikwenda kliniki, akachukua namba kama mtu mwingine yeyote, akataka aonwe na Dakta Jussara Teles, wa mwaka wa kwanza wa mafunzo, chini ya Evandro. Dakta Evandro ametueleza kwamba aliuona umanjano wa macho yale tangu mlangoni, lakini hatari haikuwa ya dakika ile, basi akavuta kiti akakaa. Dakta Jussara aliuliza habari za tumbo, akaelekea kwenye vidonda vya tumbo, na marehemu, aliyekuwa ameshaujua ugonjwa wake, akashindwa kujizuia, “Binti, niulize kuhusu mko…” Dakta Evandro akamkatiza, “Samahani, Dakta. Leo wewe ni mgonjwa. Mwache.” Dakta Jussara akaacha habari za tumbo, akauliza mwenyewe rangi ya mkojo, akasogea dirishani na mgonjwa wake, akatazama macho, akaelewa, akalia, na Evandro hakumtoa wala hakuyasema kwa niaba yake maneno mazito, alimngojea tu mpaka akayasema, na akayasema vizuri. Siku ile Dakta Odília alirudi nyumbani akicheka, Bwana Abílio akadhani ameambiwa ni mzima, naye akamwambia, “Nina saratani, mume wangu, nadhani ni ya kongosho. Lakini ungemwona Evandro! Hakunitazama hata mara moja.” Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kustaafu.

Alipasuliwa Belo Horizonte mwezi Septemba, akatibiwa kwa miezi minane, na Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki nyumbani kwake, mumewe na watoto wake wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kufua bila kuombwa, Bi Zulmira, aliyekuja kila siku kumchekesha, na wenzake wote wa kliniki, Dakta Evandro akiwa wa kwanza. Mtatusamehe tukisema pia kwa nini Dakta Jussara hayupo. Jana jioni alikuja nyumbani kuomba radhi, kwa kuwa asubuhi hii anampokea mwanafunzi wake wa kwanza, na wagonjwa walishapewa namba, na Bwana Abílio alilia kwanza, kisha akamwambia, “Nenda, mwanangu. Huku tutamzika sisi.”

Odília, mke, mama, bibi na shangazi yetu, pumzika sasa, kwa amani kamili.