Mchanga wa Kumpokea Mgeni

KARIBU
Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wetu, hamjambo nyote. Sisi wanafunzi wa darasa la saba tunakukaribisha hapa Mitaboni katika Siku ya Mtoto wa Afrika. Risala hii ilikuwa isomwe na mwenzetu Katunge, ambaye sauti yake ilifika hadi barabarani. Tulimzika Jumamosi, ndiyo maana inasomwa na Mumo.

HISTORIA
Shule yetu ilianza na madarasa mawili ya udongo. Desturi yetu, mgeni akija, wanafunzi huleta mchanga wa mtoni na kuumwaga uwanjani ili vumbi lisichafue viatu vyake. Kaka na dada zetu waliuleta, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuuliza waliupataje.

MAFANIKIO
Masomo yalipokuwa ya bure, Katunge alirudi shuleni akiwa mkubwa kutupita sote. Alizikariri haki za mtoto, akawa anazidai hata kwa mamake akitumwa dukani. Tulicheka sana.

CHANGAMOTO
Wiki iliyopita tulitolewa darasani. Tuliambiwa, "Kila mtu debe moja, na mrudi mbio!" Malori yamemaliza mchanga wa juu, kwa hivyo siku hizi lazima mtu aingie chini ya ukingo achimbe. Wadogo waliogopa. Katunge akawaambia, "Nyinyi kaeni hapo juu. Mimi niko na nguvu, nitawajazia." Alikuwa bado hajajaza lake ukingo ulipomwangukia. Tulichimba kwa mikono huku tukipiga mayowe. Tulipomfikia, alikuwa ameshatuacha. Inatuuma sana.

Mazishini ilitangazwa kwamba alitoroka shule akaenda kucheza. Mamake akalia kaburini, "Katunge, si nilikukataza huko mtoni? Mbona hukunisikia?" Sisi tulikuwa tumeonywa tusiseme lolote.

OMBI
Mgeni rasmi, tulitakiwa tukuombe madawati na tangi la maji. Hayo yatangoja, tumezoea kukaa chini. Tunaomba mtoto asitumwe mtoni tena, hata mgeni awe nani. Tena, Mama Katunge ameketi pale nyuma, yule mwenye leso ya kijani. Bado amemkasirikia mtoto wake. Neno la watoto halimtoshi. Ukisimama kuhutubia, tafadhali mwambie wewe kwamba Katunge alitumwa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, uwakute watoto wako wote.

Ni sisi, wanafunzi wa darasa la saba, tuliotumwa pamoja naye.