Dirisha la Evarista Msuya

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa dini, majirani wa Mchafukoge na mafundi mliofunga kazi ili mfike hapa, mimi ni Elisaria Elimringi Msuya, kaka wa marehemu, shule yangu iliishia darasa la saba na karatasi hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo nitasoma ilivyokuwa, sitapamba.

Mdogo wangu Evarista alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Mtaa wa Utete, Ilala, akiwa kitinda mimba wa Mzee Elimringi Msuya, akasoma Shule ya Msingi Boma kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari ya kutwa hapahapa mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004, na tangu utoto wake akiona upanga kwenye video leo, kesho anao wa maboksi, na mama anazunguka nyumba nzima kutafuta boksi lake la vitenge.

Mwaka 2005 alianza kazi kwa mchora mabango, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na mwaka 2011 akapanga chumba cha chini katika jengo la Mzee Harshad, Mchafukoge, akawa anatengeneza nakala za vitu vya kwenye filamu, mapanga ya mpira, mataji, kofia za vita zinazoonekana chuma kumbe faiba, kwa ajili ya waigizaji na kwa watu wanaotaka kitu kilekile walichokiona kwenye skrini wakiweke sebuleni. Tarehe 22 Septemba 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu Allan, na tarehe 9 Februari 2015 Mungu akawajalia binti, Eliakunda, huyu aliyekaa hapa mbele.

Mafundi wa kazi hii, msinikasirikie, mlikuwa mnafichana hata aina ya gundi, mgeni akiingia karakana mnafunika meza, ndipo tarehe 3 Juni 2017 Evarista akafungua tovuti yake, Ghala la Mafundi, ili kila mtu aandike anachokijua na yeyote asome bure, nami nikamwambia wazi kwamba anagawa ugali wa mwanawe, akacheka, akasema, "Kaka, mimi sitaki kuzikwa na gundi yangu." Sheria ya Ghala ilikuwa moja, huweki picha ya kazi iliyokubali mpaka utangulize ya iliyoharibika na utaje kosa lako. Fundi Rajabu wa Ilala, ambaye ameniruhusu nimtaje, alinakili kurasa za Evarista akazipa jina lake, mimi nikataka kumfuata hukohuko Ilala, lakini Evarista akampigia simu, "Mambo, Rajabu? Mbona makosa yangu hujayanakili, njoo nikuonyeshe," na tangu siku ile Rajabu ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Mwaka 2023 alianza kukohoa, madaktari wakamweleza kwamba mapafu yake yamejaa makovu ya vumbi la faiba, maana alikuwa anapiga msasa dirisha likiwa limefungwa na kuzibwa kwa magazeti, kama mnavyofanya ninyi nyote, ili vumbi la mtaani lisiingie likashika kwenye rangi mbichi. Tarehe 18 Agosti 2024 aliweka Ghalani picha ya eksirei ya kifua chake, chini ya neno Iliyoharibika, akaandika, "Kosa langu, nilifunga dirisha." Nikawaka, nikamwambia afute, kifua cha mtoto wa Msuya hakianikwi mtandaoni, akanijibu kwa pumzi ndogo, "Kaka, sheria niliitunga mimi."

Sehemu ya chini, ya Iliyokubali, aliiacha wazi, akawaomba mafundi waijaze, na kila asubuhi Eliakunda alimshikia simu ili aangalie, akakuta pole nyingi, pole sana dada, Mungu akuponye, lakini karakana iliyobadilika hakuiona hata moja.

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Evarista alituacha, akiwa amebakiza siku tatu atimize miaka thelathini na tisa. Saa nne asubuhi ile, Rajabu akiwa bado hajapata habari, aliweka picha ya karakana yake, ukuta ameutoboa, dirisha kubwa, feni inatoa vumbi nje, naye kajifunga barakoa, na Eliakunda akaniletea simu, akaniuliza, "Mjomba, nimwonyeshe?" Kufikia jana walikuwa wamefuata, kwa picha kama hiyo, mafundi wa Tanga, Mwanza na Mombasa.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kutudanganya, Mzee Harshad na mkewe Bi. Jasumati walioleta uji kila jioni, mafundi wote, na wewe Rajabu, ulichelewa, lakini ulifanya.

Evarista, leo kabla ya kuja huku, Allan na mimi tumeingia karakana kwako, tumebandua yale magazeti na gundi yako iliyoyashika, tumelifungua dirisha, hatutalifunga tena, pumzika kwa amani, mdogo wangu.