Fundi Medard na Sauti ya Paskalina

Baba Paroko, wanajumuiya, majirani zetu wa Dunda, wanakwaya mliotoka Vigwaza alfajiri ya leo, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu ndugu zetu Waislamu mliokuwa nasi tangu siku ya kwanza ya msiba, asalaam aleikum. Anayesoma mbele yenu ni Cosmas, mdogo wake marehemu, na familia inawaomba uvumilivu, kwa kuwa historia hii ina mahali patakapouma.

Medard Tobia Mkude alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Bagamoyo, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Tobia Mkude, katekista na seremala aliyetokea Matombo, Morogoro, na mama yetu Veronika, wote wametangulia. Alizaliwa na wasiwasi wake, hilo tulilijua wote nyumbani, kwani mama alikuwa akimtuma dukani anafika nusu ya njia anarudi kuangalia kama banda la mbuzi amelifunga, analikuta limefungwa, anaondoka, halafu anarudi tena, mpaka baba akasema huyu mtoto atakuja kuwa mlinzi wa benki.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akafaulu vizuri lakini hakubahatika kuchaguliwa kuendelea na sekondari, na mwaka 1982 akajiunga na karakana ya ufundi, akasomea kutengeneza redio kwa miaka miwili. Akakaa barazani akitengeneza redio za watu hadi Februari 1989, alipochukuliwa na Mzee Kitwana Abuu, aliyekuwa amefungua studio ya kurekodia muziki katika nyumba yake ya nyuma, yenye kuta zilizobandikwa trei za mayai na magodoro, na dirisha moja lililozibwa kwa mkeka.

Waimbaji mnawajua, majina yao yako kwenye makasha ya kaseti, lakini fundi hajulikani, na Medard alipenda hivyo. Kazi yake ilianzia nje, kwanza awafukuze kunguru kwenye bati, pili azime feni kwa sababu inavuma, tatu atazame saa asije akamkatisha mwimbaji kwa adhana ya msikiti wa jirani, ndipo aingie, avae spika za masikioni, na kuanzia hapo hasemi ila neno moja, "Tena." Kwaya za kanisa, vikundi vya taarabu, ngoma za Kikwere, vijana wa kizazi kipya, wote walipita mikononi mwake wakitokwa na jasho mle ndani, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia mtu.

Tarehe 18 Novemba 1995 alifunga ndoa takatifu na Vicky, ambaye wakati huo alikuwa sauti tegemeo ya kwaya ya parokia yetu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Tobia aliyezaliwa mwaka 1996, na Dorosela wa mwaka 2001. Wengi wenu mmejiuliza, na wengine mmesema bila kujificha, kwa nini Vicky aliacha kuimba ghafla mwishoni mwa mwaka 1998, ikasemwa anaringa, ikasemwa amegombana na mwalimu wa kwaya, na yeye akakaa kimya miaka ishirini na sita na ushee, akiingia kanisani anafumba mdomo hata kwenye Baba Yetu ya kuimba. Leo mtapata jibu.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1998 kwaya ya Vigwaza ilikuja kurekodi kaseti yake ya kwanza, na wimbo wa tatu uliongozwa na mama mmoja kijana aitwaye Paskalina, mwenye mtoto wa miaka sita, Tina. Mashine ya Mzee Kitwana ilikuwa na njia nne, maana yake vyombo vinakaa kwenye njia yao, kwaya kwenye yao, mwimbaji anayeongoza, wenzake wakiwa wametoka nje, peke yake kwenye njia ya tatu, na ya nne inabaki kwa chochote cha kuongezea. Siku hiyo ya nne ilibaki wazi, kwa sababu mpiga kayamba aliumwa, wakakubaliana atakuja peke yake baadaye. Wiki tatu hazijaisha, tarehe 29 Septemba, Paskalina akafariki kwa malaria, na kwaya ikaleta ombi kwamba kaseti iwe tayari ipigwe kwenye misa ya arobaini.

Tarehe 3 Oktoba mpiga kayamba akaja, kijana wa watu ametoka msibani, macho mekundu. Medard akaishusha sauti ya Paskalina ili mpigaji asilie, akabonyeza kitufe, kayamba likapigwa mwanzo mpaka mwisho bila kosa, kijana akashukuru akaenda zake. Medard alipoirudisha kanda kusikiliza, kayamba lilikuwa kwenye njia ya tatu. Yeye, mtu wa kukagua banda la mbuzi mara mbili, hakukitazama kitufe, kwa kuwa alikuwa akimtazama mfiwa, na mashine ile ikirekodi juu ya kitu, cha chini kimekwenda, hakuna fundi wa kukirudisha. Sauti ya marehemu, ya pekee iliyokuwepo duniani, ilikuwa imefutika.

Alikaa siku kumi na tatu bila kula vizuri, na kila pikipiki ikisimama nje ya studio anadhani ni watu wa Vigwaza. Angesema siku ile ile, yangekwisha, lakini aliogopa, na hofu ikimkalia mtu kichwani humshauri vibaya. Akamwendea mkewe, akamwomba auimbe wimbo ule mahali pa Paskalina. Vicky alikataa, akakataa tena, mara ya tatu akamwona mumewe amekonda suruali inashikwa na kamba, akakubali. Ijumaa tarehe 16 Oktoba, Mzee Kitwana akiwa msikitini, Vicky aliingia mle ndani akauimba wimbo wa Paskalina kwenye njia ya nne, na kwenye ubeti wa mwisho akashindwa kujizuia, akalia, na Medard hakulisema lile neno lake, "Tena."

Kaseti ilipigwa Vigwaza tarehe 8 Novemba, na mnajua wenyewe yaliyofuata, kile kilio cha ubeti wa mwisho kikawatoa watu machozi, ikasemwa Paskalina aliona kifo chake, ikasemwa ni utabiri, walioona sauti imekuwa nzito wakasema ni mashine, au homa ilikuwa imeshamwanza, redio zikaupiga Jumapili asubuhi, na Tina akalelewa na bibi yake akilala na kaseti ile chini ya mto. Ile sauti, ndugu zangu, ilikuwa ya Vicky. Kile kilio kilikuwa cha Vicky. Ndiyo maana hakuthubutu kufungua mdomo kanisani tena, kwani mwenye masikio angemtambua.

Watoto wake wanaeleza kwamba baba yao aliweza kuacha ugali ukipoa mezani akatoka nje akaenda mbali kwa sababu tu redio ya jirani imefunguliwa, asije akausikia wimbo ule. Kompyuta zilipoingia studio mwaka 2006 akawa anahifadhi kila wimbo mahali panne, vijana wakambatiza jina la Mzee Kopi, naye akacheka nao, hawakujua wanachochekea. Alikwenda kuungama, akaelekezwa aende Vigwaza akaseme, na mara tatu alipanda gari, mara zote tatu akashuka njiani, Mlandizi, akanywa soda, akarudi. Tarehe 14 Oktoba 2017 Tina alipoolewa, wakamkodi nani awafungie vyombo vya muziki, kama si Medard? Akasimama nyuma ya mashine yake, bibi harusi akaomba wimbo wa mama, Medard akaupiga mwenyewe kwa mkono wake, ukumbi mzima ukilia, na jioni ile ndipo shinikizo la damu lilipompanda mara ya kwanza.

Kuanzia mwaka 2023 hakwenda tena kazini, moyo wake ulikuwa umetanuka, na tarehe 2 Mei 2025 alilazwa katika hospitali ya wilaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Medard hakutaka kuumbuliwa na kifo, kwa hiyo Alhamisi tarehe 8 Mei alimwita Tina, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na mbele ya Vicky akamweleza yote, kuanzia kitufe mpaka kilio. Tina hakupiga kelele. Akamtazama Vicky, akamtazama Medard, ndipo akauliza, "Sasa mama yangu mimi, alikuwa anaimbaje?"

Hakungoja ajibiwe, akatoka. Medard alimwambia mkewe kwamba katika miaka yote ya kuogopa alijiandaa kwa matusi, kwa polisi, hata kwa kupigwa, lakini kwa swali lile hakujiandaa. Alhamisi iliyofuata Tina alirudi, akasema maneno ambayo familia imeruhusiwa kuyasoma kama yalivyo, "Sijakusamehe, Mzee. Nimekuja kusikia."

Basi akaja Alhamisi tano. Medard ndiye mtu pekee aliyewahi kumsikia Paskalina kwa karibu kiasi kile, sauti ikiwa ndani ya masikio yake yote mawili, na akaanza kumkumbuka kwa utaratibu wa fundi. Akamwambia Tina kwamba mama yake alivua kandambili kabla ya kuimba. Kwamba aliomba maji ya moto matupu, yasiyo na majani ya chai. Kwamba alisimama upande upande kwa kukionea haya kipaza sauti. Kwamba sauti yake haikuwa nzito kama ile ya kwenye kaseti, ilikuwa nyembamba, inapanda bila kusukumwa, na mwisho wa mstari hakuuvuta, aliuacha mapema, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Kwamba kwenye ubeti wa pili kunguru alitua kwenye bati, Paskalina akacheka, ikabidi warudie, na walipomaliza alitoka akauliza kwa wasiwasi, "Fundi, sijakuharibia?"

Tarehe 12 Juni, Alhamisi ya mwisho, alijaribu kuuimba mstari wa kwanza jinsi Paskalina alivyouimba. Mnamjua Medard, alikuwa hawezi kuimba hata kidogo. Akaimba, akatikisa kichwa, akasema siyo hivyo, akarudia, akasema bado, akarudia tena, mpaka muuguzi akaja akidhani mgonjwa anaweweseka, na Tina akamwomba muuguzi amwache. Tina aliondoka akiwa ameahidiwa na Medard kwamba wiki ijayo ataupatia. Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, Medard alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi mitatu na siku tatu.

Juzi familia ilikaa kikao, na hatutaficha, tuligawanyika, shangazi zetu wakasema marehemu hasemwi, na msomaji huyu alikuwa upande wa shangazi. Aliyeamua ni Tina. Alikuja kikaoni, akasema yeye ndiye aliyeibiwa na anataka isomwe, kwa sababu amechoka kulizwa na mama asiye wake, na kwa sababu Mama Tobia naye amefungwa mdomo vya kutosha. Vicky anaomba asiulizwe neno leo. Ataimba lini, au hataimba, ni lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyeambiwa aache akaacha, inawashukuru majirani wa Dunda kwa turubai, maji na kuni, Baba Paroko na jumuiya kwa sala za kila siku, vijana wa studio, na ndugu Abuu Kitwana, mwana wa Mzee Kitwana, aliyeirithi studio kwa marehemu baba yake na kumheshimu Medard kama kaka.

Ni desturi yetu kutangaza msibani kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Medard anadaiwa na mtu mmoja, na deni hilo sisi hatuna cha kulilipia. Wanakwaya wa Vigwaza, tunawaomba radhi kwa niaba yake, na tunajua mna hasira, ni haki yenu. Lakini wako miongoni mwenu waliosimama bega kwa bega na Paskalina, waliomsikia akiimba kisimani, shambani, jikoni. Tina amekaa pale mstari wa pili, amevaa kitenge cha kijani. Kabla hamjapanda gari, mwenye kukumbuka chochote cha sauti ile, hata mstari mmoja, hata vibaya, aende akamwimbie.

Medard, kaka yetu, umehangaika vya kutosha, kazi iliyobaki tuachie sisi. Pumzika kwa amani.