Nassra Kawapita Tisini na Mmoja

Basi la Kizimbani lilikuwa nusu tupu, lakini yule mama mwenye bahasha ya hospitali alizungumza kama anahutubia uwanja. "Bibi, tazama! Mwanangu Nassra kapimwa. Kuelewa anayoambiwa, tisini na moja!"

Bi Tabia, aliyejuana naye tangu kituo kilichopita, aliivamia karatasi. "Mbona kusoma nane? Nane kwa mia ni sifuri iliyofungwa mkanda."

"Si alama za mtihani hizo! Kwenye watoto mia wa rika lake, kusoma anawapita wanane tu. Kuelewa, anawapita tisini na mmoja!"

"Basi mvivu."

"Daktari kasema si uvivu. Hawezi kutulia, na herufi zinamchanganya. Nnakwenda kumwomba mwalimu mkuu asomewe maswali, ajibu kwa mdomo. Wanataka kumrudisha darasa la tatu tena!"

"Mpe kombe, aya ziandikwe sahanini, zioshwe, anywe."

"Kombe keshakunywa mpaka sahani zimekwisha."

Nilijifanya natazama mikarafuu. Dereva hakujifanya, alizima redio.

"Kusomewa maswali ni wizi wa mtihani," akasema Bi Tabia.

"Na wewe chuoni, kwenye Kurani, ulianza kwa kusoma mwenyewe? Si mwalimu alitangulia, ukafuatisha huku unayumba? Nassra kahifadhi Yasini hivyo hivyo!"

"Ya chuoni usiyatie humu!"

Basi likasimama mbele ya skuli. Mama akashuka mbio, bahasha juu. Bi Tabia akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele: "Maswali tu! Asisomewe na majibu!"