Meno ya Juu ya Sabina

Tumsifu Yesu Kristo! Hapana, ndugu zangu, hiyo "milele amina" ni ya watu wenye njaa. Tumsifu Yesu Kristo! Haya, sasa nimesikia.

Padre ameniomba niseme kwa kifupi. Mnaonijua naona mnacheka. Nitajitahidi, lakini jambo hili nimelikalia miaka mingi kama kuku anavyokalia mayai, na leo nimeona bora niinuke.

Mimi ni Mama Sabina. Sabina mwenyewe yule pale, benchi la tatu upande wa akina mama, anajifanya anamfunga mtoto wake mbeleko ili msimtazame. Ni mzaliwa wangu wa kwanza. Leo mnamwona mwanamke mzima, akiimba hadi wanakwaya wenzake wanalalamika. Nataka mjue Mungu alimtoa wapi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho, habari za uhuru zikizungumzwa hadi vilabuni. Tuliishi kule ndani, ukishaipita Likawage, tukilima mtama, mihogo na ufuta. Baba Sabina alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akija nyumbani mara moja moja. Mimi nilibaki na mama yake, marehemu Skolastika, Mungu amlaze pema. Mama mkwe wangu alikuwa mfupi, mkali, na neno lake halirudiwi. Nilimwogopa kuliko chui.

Sabina alipokuwa mchanga aliota meno. Ni jambo la furaha, sivyo? Ila yalitangulia ya juu. Wazee naona mmeguna. Ninyi vijana hamjui, basi nawaambia: mtoto anayetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego. Ilisemwa kwamba jino lake likikua, linaondoka na mtu wa nyumba ile. Zamani sana mtoto wa namna hiyo hakulelewa, na niishie hapo. Wakati wangu mambo hayo yalikuwa yamekwisha, lakini nyumba ilinyooshewa kidole, na mama wa mtoto aliweza kurudishwa kwao na mzigo wake kichwani.

Na oneni balaa! Meno yale yalichomoza wiki ile ile aliyofariki baba mkwe wangu. Watu wanalia matanga, mimi nimekaa pembeni na mtoto mapajani, najiona nimemuua mzee wa watu.

Basi nikanyamaza. Nilimsugua ufizi wa chini kwa chumvi ili meno ya chini yafanye haraka. Akilia, namwambia mama mkwe ni tumbo. Akicheka mbele za watu, namfunika mdomo kwa ncha ya kanga. Fikirini, ndugu zangu, mama anaomba mwanawe asicheke! Meno ya chini yalipotokea nikapiga magoti nikashukuru. Nilidhani nimeshinda. Hata kwenye kitubio sikulisema. Padre wa wakati ule aliujua uvivu wangu, ulimi wangu na hasira zangu, lakini habari ya meno hakuijua.

Miaka mitano ikapita. Sabina akawa mtoto wa kukimbiza kuku na kuniimbia shambani. Siku moja akasema, "Mama, jino linacheza." Nikatazama. Lilikuwa la juu, upande wa kulia, na umri wa kubadili meno hajaufikia. Baada ya siku chache la pili likalegea, na shavu likaanza kuvimba. Halikuwa la moto wala hakulilia sana. Lilivimba tu, kila asubuhi zaidi ya jana.

Mama mwenye akili angembeba mtoto akakimbia. Mimi nilimfungia kitambaa shavuni, nikamweka ndani. Kichwani mwangu palikuwa na neno moja: kigego kimerudi, kimekuja kuchukua chake. Nikimpeleka kwa watu watamfungua mdomo, wataona ni meno ya juu, wataulizana, na mama mkwe atajua. Nilimpondea chakula, nikamlisha gizani chumbani. Majirani walipouliza niliwaambia ni jino bovu. Mama mkwe aliuliza mara moja, nikamjibu hivyo hivyo, akanitazama, akaenda zake kupepeta mtama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu utoto, na bado nikaficha! Wiki ya tatu jicho lake la kulia likaanza kusukumwa juu.

Mchana mmoja nilitoka shambani nikakuta mlango wazi. Mama mkwe ameketi barazani, amemlaza Sabina mapajani, kitambaa kimetupwa chini, na kidole chake kimo mdomoni mwa mtoto. Nilitaka kukimbia. Kweli nawaambia, nilitaka kukimbia nimwache mwanangu.

Akasema, "Mkamwana, tangu lini?"

Nikaanguka miguuni pake nikayamwaga yote. "Mama, nihurumie. Mtoto ni kigego. Aliota ya juu kwanza, nikaficha. Baba amekufa kwa sababu yangu."

Akakitoa kidole, akakifuta kwenye kanga yake. Kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, "Baba yenu alikufa kwa kuhara damu. Nilimuuguza mimi, siyo wewe. Na habari ya meno niliijua. Unadhani mtoto huyu ulimlisha uji wewe peke yako? Siku aliponing'ata kidole mara ya kwanza, nilijua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Mumeo naye aliota ya juu kwanza. Nilimsugua chumvi kama ulivyofanya wewe. Tumekaa humu wajinga wawili. Inuka, tafuta mbeleko."

Ndugu zangu! Miaka mitano wanawake wawili tumekula chungu kimoja, kila mmoja ameficha kitu kile kile, na kila mmoja anamwogopa mwenzake! Hapo ndipo Mungu alipoanza kunifungua. Wengine wanaota malaika. Mimi nilitumiwa mama mkwe.

Tuliondoka siku ile ile. Tulitembea siku mbili hadi barabara kuu, tukipokezana mtoto, na yule bibi kizee alimbeba zaidi yangu. Njiapanda palikuwa na zahanati yenye dresa mmoja, kijana mtaratibu aliyezoea kufunga vidonda na kugawa kwinini. Alimulika kinywa cha Sabina kwa tochi, akaizima. "Mama, hili si jino," akasema. "Hapa mimi sina dawa yake. Msikae hata siku moja." Akaandika cheti, akasimamisha lori lililobeba ufuta, akambembeleza dereva atuchukue hadi Lindi. Jina lake sikuliuliza, na mpaka leo najilaumu.

Lindi tulimchukua Baba Sabina, tukafika pamoja kwenye hospitali ya misheni. Daktari alikuwa sista, Mzungu, mrefu, anasema Kiswahili cha kuhesabu maneno. Aliniuliza jino gani lilianza kulegea. Nikamtazama mama mkwe. Akaniambia, "Sema." Nikasema mbele ya watu wote wa wodini, "La juu, Sista. Na hata utotoni yalitangulia ya juu." Nikangoja paa lianguke. Sista akaandika, akauliza, "Na homa anayo?" Basi! Ile siri iliyoninyima usingizi miaka mitano ilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi. Baba Sabina, mama yake alipomwambia palepale kwamba naye aliota ya juu kwanza, alipapasa meno yake kwa ulimi, akamwambia, "Kumbe mimi ndiye mlaji wa watu?" Tulicheka, ndugu zangu, tukiwa na mtoto mgonjwa mikononi. Nilikuwa nimesahau kicheko kikoje.

Lakini jibu la Sista halikuchekesha. Walichukua kinyama kidogo kutoka kwenye ufizi kikapimwe, kisha akatuita. Alisema ni saratani ya watoto, inapenda kukaa tayani, na inakua haraka kuliko zote anazozijua. Nikamuuliza kama ni meno yaliyoileta. Akasema meno hayaleti kitu, uvimbe ndio unaoyalegeza. Zamani walikuwa wakikata, na uvimbe ukirudi. Sasa kuna dawa ya sindano, mpya, bado inajaribiwa. "Watoto wengine inawaponya kabisa," akasema. "Wengine uvimbe unakwisha, halafu unarudi. Sabina atakuwa yupi, sijui. Siwezi kukuahidi." Nilikasirika! Nilitaka aniahidi. Nilienda kanisani nikamwambia Mungu, "Basi niahidi Wewe." Naye hakuniahidi. Alinipa tu nguvu ya kurudi wodini na kusema, "Mchomeni."

Alichomwa. Usiku na mchana alitapika, nikadhani nimemleta kufa ugenini. Siku ya tatu nikimwosha uso nikahisi shavu limelegea. Niliogopa kusema. Siku ya tano mama mkwe akasema yeye. Siku ya nane jicho limerudi mahali pake, na jino moja lililokuwa likining'inia limekaza kwenye ufizi, ukiligusa halitikisiki! Nilipiga vigelegele wodini hadi muuguzi akaja kunikemea, alipoona akapiga na yeye. Nywele za Sabina zilitoka zote, akawa na kichwa kama yai, na bibi yake akawa anampaka mafuta ya nazi akimwita "padre wangu".

Sasa nisikilizeni hapa. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja kutoka Pande, Mwislamu, na bintiye Mwanahawa, ugonjwa ule ule, dawa ile ile. Tulipika pamoja. Yeye akisali sala zake mimi nilimwangalizia mtoto, na mimi nikienda misa yeye aliniangalizia Sabina. Shavu la Mwanahawa nalo lilinywea, tukashangilia. Baadaye uvimbe ukarudi, na safari hiyo dawa haikuusikia. Mtoto akafa. Nilimlilia kama wangu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba imani yangu ilizidi ya yule mama. Aliomba kuliko mimi. Kwa nini wangu amebaki na wake ameondoka, sijui, na nikifika mbele za Mungu nitamuuliza. Ninachojua ni kwamba yeye alimleta mwanawe bila kumficha, na siku tunaagana alimshika Sabina kichwa akamwombea maisha marefu. Dua ile naitunza.

Sista alitaka tumrudishe Sabina kila mwezi atazamwe, hata akiwa mzima. Akasema mwaka ukipita salama tutaanza kupumua. Mwezi wa nne nilichoka na safari, nikasema mtoto amepona. Mama mkwe hakubishana. Alijifunga kanga kiunoni, akamchukua Sabina, akatangulia njiani, nikalazimika kumfuata. Mwaka ulipita, na wa pili ukapita. Safari ya mwisho tulikuta bendera nyingine mlingotini, na Sista akaandika kwenye cheti: hakuna haja ya kurudi tena. Mama mkwe alisema, "Haya, twende tukalime."

Kwa nini nayasema leo? Sabina, njoo. Usione haya, njoo mbele, mlete mtoto. Huyu ni mjukuu wangu, naye anaitwa Skolastika. Mnaona hapa? Msiogope, sogeeni. Meno mawili, wiki hii hii. Ya juu! Na ya chini bado hata dalili.

Sikumsugua chumvi, wala sikumfunika kanga. Cheka, mwanangu, wakuone! Oneni anavyocheka. Ee Mungu wangu, asante. Asante kwa Sista na sindano yake, kwa dresa nisiyemjua jina, kwa Mwanahawa aliyetangulia, na kwa yule bibi mkali aliyenifungulia mlango mchana kweupe.

Ndugu zangu, kama kuna mama humu ana mtoto mwenye uvimbe, amemfungia kitambaa na kumweka ndani, simwombi asimame. Najua aibu ilivyo. Mungu anamjua. Kesho asubuhi atoke tu na mtoto wake, apite kwangu, nyumba ya kwanza baada ya kisima. Simuulizi kitu. Nitakuwa nimeshajifunga kanga kiunoni, na nitatangulia njiani.