Dakika Kumi na Moja za Mjane wa Dereva

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Volkmar hasa, rudisha kalamu mfukoni, maana karatasi ya watu wa tamasha la filamu hutaitia saini kabla sijamaliza kusema.

Nyumba hii ya Altona, hapa Hamburg, ni yenu wawili sawasawa, msije mkanuniana kwa ajili yake. Meza yangu ya kuhariria filamu achukue Wiebke, aliyekuwa akilala chini yake nikifanya kazi. Hayo ni mepesi. Zito ni ile filamu.

Mnaijua: vijana waliochoshwa na ukimya wa wazee wao juu ya vita, wakashika bunduki kwa jina la haki, wakamteka jaji na kumuua dereva wake, Ewald Pohlert. Mimi na baba yenu tuliitengeneza mwaka sabini na tisa, na hadi leo husifiwa kwamba imesema ukweli wote. Haikusema. Niliikata mimi, najua nilichokitoa.

Nilikwenda Pforzheim kwa mjane wa dereva yule, Roswitha, akanikatia keki ya plamu, akazungumza mbele ya kamera dakika kumi na moja, mikono yake ikinyoosha kitambaa cha meza, akieleza jinsi mumewe alivyokuwa akilipasha moto gari la jaji asubuhi akiwa na ndara miguuni, majirani wakimcheka. Nililia pale mezani. Kisha nikarudi Hamburg nikamwondoa. Baba yenu alisema mama huyu anapunguza mwendo wa filamu, nami nikakubali upesi mno. Ndivyo tulivyokuwa wote tuliotengeneza filamu za mambo yale: dereva na walinzi wanaanguka mwanzoni, halafu tunabaki na vijana wazuri wenye makoti ya ngozi, tukiwachungulia roho zao.

Siku ya kwanza ya kuonyeshwa filamu, Roswitha alikuja, kavaa nguo yake ya kanisani. Akanishika mkono mlangoni. "Bibi Gundula, mume wangu umempa sekunde nne. Waliomuua umewapa saa mbili na sigara zao. Sasa keki yangu ulikuwa unaila ya nini?" Baba yenu akamletea glasi ya divai. Hakuipokea.

Sasa nisikilizeni, hili hata mchungaji sijamwambia. Redio ilipotangaza kwamba jaji ametekwa na dereva wake ameuawa, nilikuwa jikoni namenya viazi, wewe Wiebke u tumboni, na nilifurahi. Kwa muda wa kumenya kiazi kimoja nilifurahi, kwamba hatimaye mmoja wa wakubwa ameguswa, na yule dereva sikumfikiria hata kidogo. Ndiyo maana uso wa Roswitha ulipofika mezani kwangu sikuweza kuutazama. Mwendo wa filamu ulikuwa kisingizio. Niliona aibu.

Usinikatize, Volkmar. Najua watu wa tamasha wanaitaka filamu vuli hii, najua ni heshima ya jina la baba yako. Chini, kwenye ghala, kuna kopo la bati lenye mkanda wa filamu, nililoliandika "kelele za barabarani", ili baba yenu asilitupe. Ndimo alimo Roswitha. Mwenyewe hayupo tena; mpelekeeni binti yake, Anke, kule Pforzheim. Atazame yeye kwanza, peke yake, wala msisimame nyuma ya kiti chake. Akikubali, dakika zote kumi na moja zirudi mwanzoni, bila kupunguzwa hata kikohozi. Akikataa, filamu isionyeshwe tena popote, na kopo libaki lake. Msimbembeleze. Msimpelekee keki.

Wiebke, maji... Asante, mama.

Kaburini msinisifu. Mungu sikumzoea sana, lakini nawaombea kwake: awape macho ya kumwona mtu ambaye hakuna anayemtazama, awape watoto watakaowauliza maswali, na mpendane hivyo hivyo mnavyogombana. Nimewaridhia wote wawili. Nimewa... ngojeni, nivute pumzi.

Msisubiri mazishi. Treni ipo mchana huu, nendeni leo, mwambieni Anke kila nililowaambia, na la viazi pia. Na kama ana tusi la kunitukana... apige simu. Bado nasikia.