Rael Mutindi Kisilu, Fundi wa Tulia Aliyetangulia Kupimwa Mifupa

Mwaitu, kama sisi watoto tulivyomwita mama yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Wote, Makueni, mtoto wa tatu wa marehemu Mulinge na Ndululu. Alisoma hadi darasa la saba, akafanya mtihani mwaka wa 1972, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake.

Mwaka wa 1979 aliolewa na Baba, Mwalimu Kisilu, wakafanya makao hapa Tulia. Alishona yunifomu sokoni kwa zaidi ya miaka arobaini. Akisema nguo itakuwa tayari Ijumaa, ilikuwa tayari Ijumaa, na ole wako usiende kuichukua.

Mwaka wa 2021 aliteleza mlangoni pa duka, mkono ukavunjika. Daktari alishuku mifupa yake imepungua nguvu. Juni 2022, gari la kupima mifupa lilikuja soko la Migwani. Wamama walisimama mbali, kwa sababu ilisemekana mionzi yake huleta saratani. Mwaitu alimwendea mhudumu, Najma, akamuuliza, "Na wewe mbona hujifichi mashine ikifanya kazi?"

"Mionzi yake ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua, Mama," Najma akajibu. "Mjamzito tu ndiye tunayemwambia angoje."

Mwaitu akavua viatu, akapanda. Baada ya dakika kumi alishuka na karatasi: mifupa ilikuwa dhaifu kweli. Alianza dawa, na hakuvunjika tena. Siku hiyo wamama kumi na tisa walimfuata. Tangu hapo, gari likirudi, alifunga duka akawapeleka wengine.

Januari 2025 chakula kilianza kukataa kupita. Ilikuwa saratani ya koo. Sokoni wakasema ni ile mashine. Daktari wake alieleza wazi kwamba haikuhusika, lakini maneno hayakuisha. Mwaitu aliniita, sauti ikiwa karibu kwisha, akasema, "Nduku, siku ya kunizika usome hivi: mashine haikuniua. Wamama wasiache kupimwa kwa sababu yangu."

Nimesoma, Mwaitu.

Alituacha Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani. Ameacha mume wake, sisi watoto wanne, Nduku, Mutua, Mwikali na Kyalo, wajukuu saba, na dada yake Syombua. Alhamisi ijayo lile gari la kupima mifupa litakuwa Matinyani, na mama mdogo Syombua ameshaandikisha jina lake.

Mungu ampe Mwaitu pumziko la amani.